Kengele Iliyolia kwa Nehemia

Nimekunywa chai katika nchi nyingi, na kila nilikopita sikukosa la kujiaibisha, lakini la Ndurumoini liliyapita yote. Ilikuwa sikukuu ya kuwakumbuka waanzilishi wa kanisa la Kipresbiteri la mji ule mdogo wa mlimani. Ibada ilikwisha, ukungu ukashuka hadi kwenye paa, waumini wakaketi ukumbini mbele ya sahani za nyama na mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi. Mimi mgeni, kwa kutaka kuwachekesha, nikaishika kamba ya kengele ya kale iliyoletwa kutoka Uskochi nikaivuta mara mbili, nikatangaza kwamba chakula ki tayari.

Hakucheka mtu. Wanaume walivua kofia. Akina mama walisimama wakitafuta watoto wao kwa macho, kama wanaohesabu. Kila mtu alingoja kuambiwa jina la marehemu.

Mama Wairuri, mzee wa kanisa, alinijia polepole akanitoa kamba mkononi. Akaniambia kuwa mchana wa Ndurumoini kengele ile hulia kwa jambo moja tu, nalo ni kifo. Kisha akanihurumia, akaniketisha karibu naye, akanisimulia kisa hiki. Nakileta kwenu, enyi wapendwa, kama nilivyokipokea, na aliye mjuzi zaidi ni Mwenyezi Mungu.

Wanahadithia wazee wa Ndurumoini, nao walipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika siku za mwanzo za kanisa palikuwa na mja mwema aitwaye Nehemia Gakuo. Mtu mpole, mwenye ikhlasi, asiye na maneno mengi. Rafiki yake, aliyebatizwa naye siku ileile, alikuwa Hosea Muchemi, ambaye baadaye alifanywa mmoja wa wazee wa kanisa.

Mtoto wa Hosea aliugua hata akakaribia kufa. Asubuhi moja ya ukungu mzito, kwa uchungu wa mzazi, Hosea alikwenda kwa mganga kwa siri. Nehemia alipopata habari alimfuata, akaingia mle ndani, akamsihi ndugu yake arudi. Hosea alikataa. Nehemia akatoka peke yake, na alipokuwa akitoka, mpita njia akamwona.

Na ada ya kanisa lile ilikuwa hivi: kabla ya Meza ya Bwana, baraza la wazee humwita kila anayeshutumiwa. Nehemia akaitwa. Aliulizwa alitafuta nini kwa mganga. Akajibu kwamba alikwenda kumtafuta ndugu yake. Wakamuuliza, ndugu yupi? Hosea alikuwa ameketi palepale, miongoni mwa waamuzi. Nehemia hakumtaja; alimtazama tu, akimpa nafasi. Hosea akatazama sakafu.

Nehemia alitengwa na Meza. Hakulalamika. Kila Jumapili alisimama nje karibu na dirisha, akiimba zaburi pamoja na waliomtenga, mpaka baridi ya pale ikamwingia kifuani akafariki. Kwa kuwa alikufa nje ya ushirika, kengele haikupigwa. Alizikwa kimya, na mjane wake, Lois Nyaguthii, akarudi kwenye kibanda chake pembeni mwa uwanja wa kanisa.

Haukupita muda mrefu, kengele ikaanza kulia yenyewe.

Ililia mchana, ukungu ukiwa umefunika uwanja, pigo moja moja, taratibu, kama inavyopigwa kwa maiti. Watu walikimbilia mnarani wasimkute mtu. Siku iliyofuata mama mmoja akafa akiwa mzima wa afya. Ikalia tena, na mzee mmoja wa kanisa akaketi kula, asiinuke. Tangu hapo watu wa Ndurumoini wakaogopa ukungu. Ukishuka, walifunga milango, wakakaa wakisikiliza.

Hofu ikishaingia mahali hutafuta mtu wa kumkalia. Ikasemwa kwamba Lois ndiye anayemwita mumewe, na mumewe anawaita wengine. Baraza likakaa ili kumfukuza katika ardhi ya kanisa, naye hakuwa na pengine pa kwenda duniani.

Mama Wairuri alisema bibi yake alikuwamo siku ile, kwa maana watu wote waliitwa waingie, mlango ukafungwa. Lois alisimama mbele yao, mikono ameifumbata. Waliposema kwamba yeye ni mchawi, alijibu tu kwamba wanajua alivyoishi nao. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya hukumu.

Hapo kengele ikalia.

Kila mtu wa kijiji alikuwa ndani. Walitazamana, wakahesabiana kwa macho, wasimkose yeyote. Ikalia tena. Taa ya mezani ilitetemeka kila pigo, na mtoto mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba nje dirishani kuna mtu anaimba. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Hosea akasimama. Akajishikiza kwenye benchi.

"Ndugu aliyetafutwa ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekwenda kwa mganga. Nehemia alikuja kunitoa. Mlipomuuliza jina, alinitazama, nami nikanyamaza. Mkimfukuza huyu mama, mnifukuze mimi kwanza."

Pigo lililokuwa linakuja halikuja. Paliingia kimya ambacho, kwa maneno ya bibi yake Mama Wairuri, kilikuwa kizito kuliko kengele. Walipojikaza wakafungua mlango, dirishani hapakuwa na mtu. Mnarani, kamba ilikuwa bado inayumba wala upepo haukuwapo. Ilikuwa imelowa kwa ukungu kutoka juu hadi chini, isipokuwa mahali pamoja, pa kutosha kiganja, palipokuwa pakavu. Aliyepagusa alisema pana joto.

Siku ileile Hosea alimpigia Nehemia kengele yake, akilia. Toka hapo Ndurumoini humpigia kila anayekufa, awe ndani ya ushirika au nje, wala haijalia tena bila mkono wa mtu. Mikono ya wapumbavu kama mimi ni habari nyingine.

Enyi wapendwa, subira ya Nehemia ilimsitiri ndugu yake, na ukweli wa Hosea ukamwokoa mjane. Ila tazameni mja mmoja alivyoteseka katikati, kwa sababu ukweli ulichelewa.

Kesho yake wazee walimwendea Lois shambani, Hosea akiwa mbele. Alimwomba msamaha, naye akampa bila kumwacha apige magoti. Basi mzee mmoja mdadisi akasogea, akamnong'oneza amwambie kweli, je, aliyekuwa akipiga kengele ni Nehemia?

Lois hakuinua jembe wala kichwa.

"Alipokuwa hai aliwaambia kweli mkakataa," akasema. "Sasa mnataka kumhoji akiwa kaburini? Ondoa mguu wako, umekanyaga maharagwe yangu."