Kaniki ya Bi Kobe

Hapo zamani za kale, wanangu, kobe walipokuwa na majiko na ndege walipokuwa wakipiga hodi, aliyempa Bi Kobe habari ile kwanza alikuwa Mnana, ndege mdogo wa manjano anayefuma viota.

"Hodi, Bi Kobe!"

"Karibu, mjukuu wangu. Mbona unahema?"

"Wageni! Wameshuka melini, weusi, shingo za kijivu. Wengi! Wanakuja huku."

"Si wageni tu? Watakula, watakwenda."

Bi Kobe alikuwa mjane. Mumewe, Mzee Faki, alifariki mwaka wa kiangazi kikali, na watoto wao, kama ilivyo desturi ya kobe, walitambaa kila mmoja njia yake wasirudi. Basi chini ya mpera wake alipindua kinu kilichopasuka, akaweka ungo juu yake, na kila asubuhi akamwaga chenga za mchele. Ndege wadogo walikuja, wakala, wakampa habari za mjini. Bi Kobe hakuwa na haja kubwa na hizo habari. Alipenda kuitikia hodi.

Kesho yake kunguru wakafika. Hawakupiga hodi. Kraa! Kraa! Pu! Ungo chini.

"Jamani, kuleni taratibu. Wapo na wenzenu," alisema Bi Kobe.

"Wenzetu gani?" mkubwa wao akacheka. "Ewe sufuria yenye miguu, ongeza chenga!"

Ndege wadogo wakakimbia. Siku ya pili hakuna hodi, ya tatu hakuna, hata ya saba. Asubuhi moja Bi Kobe alisema "Karibu" kwa mazoea, akageuka. Ulikuwa upepo tu mlangoni.

Siku ya nane Mnana alipitia nyuma ya jiko. "Hodi," akanong'ona. "Bi Kobe, una kitambaa cheusi?"

Alikuwa nacho. Kaniki aliyokaa nayo eda ya Mzee Faki, imekunjwa kikapuni. Aliishika muda mrefu.

"Utaichana?"

"Sitakata hata uzi."

Mnana akavingirisha kaniki kwenye kumbi la nazi, akaifunga kwa majani kama afumavyo kiota, akachomeka manyoya waliyoangusha kunguru wenyewe. Akalining'iniza mperani, kichwa chini, kama kunguru aliyekufa.

"Kesho wakija, wewe lia."

"Mjukuu wangu, sijui kulia kwa uongo."

"Basi iangalie tu hiyo kaniki."

Asubuhi kunguru wakatua. Kraa... kra? Wakainua vichwa. Bi Kobe alikuwa anaiangalia kaniki ikipepea, na machozi yakimdondoka, to, to, to, mpaka gamba likatikisika.

"Nani huyo?" mkubwa akauliza.

"Ndugu yenu," Mnana alijibu kutoka tawini. "Humjui?"

"Namjua sana! Ni wa... ni wa nyie mliokaa ukutani."

"Wetu? Wenu nyie wa mtini!"

"Haya, nani hayupo?"

Wakatazamana. Hakuna aliyejua jina la mwenzake. Walijuana kwa kunyang'anyana tu.

"Kimemuua nini?"

"Aliwahi chenga mapema. Kashiba, masikini, kasinzia. Lakini zimebaki nyingi! Karibu, mkubwa, anza wewe."

"Mimi? Mimi leo nimefunga!"

Prrrr! Wote wakaruka kuelekea jalala la mjini, na asubuhi ile ndege wadogo wakarudi. Hodi, hodi, hodi! Bi Kobe akaitikia mpaka koo likakauka.

Alasiri, wote walipokwisha kwenda zao, kunguru mmoja mwenye bawa lililopinda akatua ukutani.

"Ho... hodi?"

"Karibu." Mdomo wa Bi Kobe ulitangulia.

"Nimekuja kuuliza jina la marehemu. Tumeondoka bila kumlia. Na mimi siku yangu wataniacha hivyo hivyo."

Bi Kobe akalitazama lile kumbi la nazi. Akisema kweli, kesho kundi zima litarudi.

"Faki," alisema. "Aliitwa Faki."

Kunguru akainamisha kichwa. "Ee, Faki! Kraa! Faki wee!"

Tangu mazishi, hakuna mwingine aliyekuwa amelitaja jina lile.

Wasiojuana kwa majina, wanangu, hufukuzwa na kumbi la nazi.

Kesho yake asubuhi Bi Kobe aliiacha kaniki pale pale mtini, akamwaga chenga ungoni kama kawaida. Kisha akakata kipande cha papai lake, akatambaa nacho polepole hadi nyuma ya jiko, ambako Mnana haoni, akakiweka juu ya jiwe, akakaa kusubiri hodi ya kunguru mmoja.