Kidawa na Zimwi la Mapigo Matatu

Paukwa!

Pakawa!

Kapu la hadithi?

Lijae!

Fumbeni macho, wanangu. Oneni mlango wa jiwe, mrefu kuliko mnazi. Mbele yake limekaa zimwi, kinywa kama pango, mkononi rungu la mvule. Na hapo kando, oneni mafiga matatu yenye moto usiozimika.

Wewe Makame, uliyetupa padi ya gemu mchana ukasema bosi, yule adui mkuu wa gemu, hapigiki, sogea karibu. Hii ni yako.

Basi, palikuwa na mapacha wawili, Kidawa na Mize. Walitwanga kinu kimoja kwa michi miwili, wakipokezana. Huyu akiinua, yule anashusha. Michi yao haikugongana hata siku moja.

Siku moja zimwi likaja, likambeba Mize, likamfungia nyuma ya mlango wa jiwe. Kinu kikabaki kinalia kwa mchi mmoja.

Lakini zimwi lile lilikuwa na mwiko wake. Halikuweza kumla mtu ambaye bado anatafutwa, kwa maana nyama ya mtu huyo huwa chungu kama shubiri. Lilingoja ndugu zake wakate tamaa, ndipo limle.

Kidawa akajifunga kibwebwe, akachukua mchi wake, akaenda hadi kwenye mlango wa jiwe.

"Nimemfuata pacha wangu. Fungua!"

Zimwi likacheka hadi kokoto zikaporomoka. "Wewe? Hutoshi hata kiamsha kinywa!"

Likashusha rungu. Pu! Kidawa akaanguka, dunia ikawa giza.

Sasa yale mafiga yalikuwa na uchawi. Aliyeangushwa na zimwi huamkia pale penye moto, mzima, na mchi wake mkononi. Kidawa akafumbua macho.

"Nenda nyumbani, ule, ulale," zimwi likambembeleza.

"Siendi!"

Akarudi. Pu! Akaanguka.

"Nenda nyumbani, ule, ulale."

"Siendi!"

Akarudi. Pu! Akaanguka.

Mara ya tatu hakukimbilia mlangoni. Alikaa penye moto akasikiliza jinsi zimwi lilivyokuwa likijitapa na kupiga ardhi. Pu, pu, likavuta pumzi, pu! Pu, pu, likavuta pumzi, pu!

"Kumbe!" akasema Kidawa. "Mimi huruka linapovuta pumzi, na pigo la tatu linanikuta hewani. Mtwangaji mwenzako usipomngoja, michi itagongana tu!"

Basi akaingia. Pu, akakwepa. Pu, akakwepa. Zimwi likavuta pumzi, Kidawa akatulia tuli. Pu! Rungu lilipozama ardhini, ndipo akashusha mchi. Twa!

Pokea, twa! Pokea, twa! Zimwi likaanguka, na mlango ukafunguka.

Lakini Mize hakuwamo. Ndani mlikuwa na nchi nzima ambayo jana haikuwepo, mto wake mweusi, mafiga yake mapya, mlango wake mwingine. Na mbele ya mlango, zimwi kubwa zaidi, lenye marungu mawili.

"Nchi imeongezeka, binti," likasema. "Nenda nyumbani, ule, ulale."

Kidawa akalia kidogo. Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Siendi!"

Akaingia na mapigo yale yale ya zamani. Pu! Akaamkia motoni. Akaanguka mara mbili, akaanguka mara tano, akaanguka mara tisa.

"Umeanguka mara tisa!" likacheka zimwi.

"Na wewe umeinuka kupigana mara tisa," akasema Kidawa. "Mbona unahema?"

Zimwi likakasirika, likatwanga ardhi kwa marungu yote mawili. Pu-pa! Pu-pa! Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha sindano.

Mara, nyuma ya mlango, Kidawa akasikia kiganja kikigonga jiwe. Pu-pa-ta! Pu-pa-ta!

Alikuwa Mize! Kidawa akakumbuka siku za harusi, wanawake watatu wanapotwanga kinu kimoja. Wa tatu hatafuti nafasi pana. Anaingia pembamba, na anatoka upesi.

"Pokea, pacha!" Mize akaita.

Pu-pa-twa! Pu-pa-twa! Pu-pa-twa! Zimwi likapepesuka, likaanguka chali, likawa vumbi.

Mize akatoka, mikono kiunoni. "Umechelewa. Na mapigo yako ya mwanzo, aibu tupu! Nilikuwa nacheka mle ndani."

"Ungecheka nje basi," akasema Kidawa, wakakumbatiana.

Mbali, ng'ambo ya mto, mlango wa tatu ukalia kwenye bawaba zake, na nyuma yake watu wakasikika wakiita.

Mize akamtazama pacha wake. "Mchi wa pili uko wapi?"

Wakachonga mchi wa pili, wakaenda.

Hadithi yangu naitua hapa, kama mchi kinuni. Kuanguka si kushindwa. Aliyeshindwa ni yule aliyerudi nyumbani.

Makame, okota padi yako, mwanangu. Nanyi nyote, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mkianguka, kabla ya kunyanyuka tena, jiulizeni kwanza mmesikia nini.