Gati la Bi Nyanjura

Kisiwani Ukerewe aliishi Bi Nyanjura, muuza dagaa, mwembamba wa mwili na mnene wa akili. Mawimbi yalipovunja gati lake, mwenyekiti wa kijiji alimwambia asilijenge tena mpaka jirani aridhie. Jirani huyo, Bwana Lugoye, mwenye nyumba ya wageni, akakataa katakata.

"Gati lako lilikuwa likiwaziba wageni wangu wasilione ziwa!"

"Basi, jirani, yamekwisha," Bi Nyanjura alijibu kwa upole. Bila gati biashara yake ingekufa, lakini aliondoka akitabasamu.

Kulipokucha, wageni waliamshwa na harufu. Mitumbwi ilijaa ufukweni kwa Lugoye, na wanawake walikuwa wakianika dagaa mpaka chini ya madirisha.

"Nyanjura! Nini hiki?"

"Si mila yetu, jirani? Chombo kisicho na gati huegeshwa kwa jirani, naye hafukuzi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nipate gati."

Lugoye alikimbia, akarudi akimburuta mwenyekiti. "Shuhudia! Nimeridhia, ajenge leo hii!"

"Ningejenga," alisema Bi Nyanjura, "ila mbao sina."

"Mbao nitatoa mimi!"

Bi Nyanjura akamwaga ungo mwingine wa dagaa mchangani. "Na misumari?"