Siwema na Sauti ya Mtoni

Ngano iko njiani! Na ifike, tuko macho!

Palikuwa na mjane, Siwema, aliyelinda mto kila baada ya dhoruba. Maji yakifunika jiwe jeusi, hupiga ngoma mara tatu, watu wa bondeni wakakwea mlimani. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Mbaruku, mpaka mto ulipomchukua. Tangu hapo Siwema hakulia wala hakucheka. Moyo ulikufa ganzi.

Siku moja dhoruba ikapiga, ikapita, na asubuhi maji yakafunika jiwe. Siwema akashika ngoma. Mle majini zimwi likamwita kwa sauti ya marehemu:

"Mke wangu, usipige. Ningoje nifike ukingoni."

Siwema akapiga.

"Mke wangu, usipige. Huku kuna baridi."

Siwema akapiga.

"Mke wangu, ukipiga tena, sirudi milele."

Mkono ukasita. Ilikuwa sauti ya Mbaruku hasa, hata kile kikohozi chake. Siwema akatafuta machozi, hakuyapata. Akapiga, ngozi ya ngoma ikapasuka.

Watu wakakwea na watoto na mbuzi wao. Zimwi likafagia bonde, likakuta nyumba tupu, likaenda zake na njaa yake.

Huko mlimani jirani yake, Bi Mgeni, akamuuliza, "Mwanangu, mbona uliikawiza ngoma ya tatu?"

"Nilikuwa naagana na mume wangu," akasema Siwema.

 Bi Mgeni akampa bakuli la uji. Siwema akanywa, akalimaliza, akaomba jingine.

Ngano imekomea hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni.