Sauti ya Baragumu na Vumbi la Seremala

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Binadamu akiumwa na chawa hutazama mlangoni nani kaingia, kumbe mdudu amelala naye.

Palikuwa na mnadi wa mitumba, sauti yake ikivuma soko zima hata watu wakamwita Baragumu. Sauti ndiyo iliyokuwa jembe lake. Basi ilipoanza kukwaruza kama msumeno butu, na kila akimeza anahisi mfupa umemkwama, hakutafuta mbali. Aliyepakana naye ukuta kwa ukuta alikuwa seremala. Akatangaza kwamba vumbi la mbao ndilo linalomwua, akaapa kumshtaki kwa mwenye nyumba ahamishwe. Seremala akajibu kwa upole kwamba yeye amelila vumbi hilo tangu ujana na angali anapiga mbinja.

Mke wa Baragumu hakubishana na mtu. Alikuwa mwenye kutaka kujua, akatazama. Aliona mumewe anatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee, na karafuu haimtoki kinywani. Alipofua foronya akakuta doa la damu na unjano, linanuka. Akajiuliza: tangu lini vumbi likatoa usaha?

"Baba watoto, fungua mdomo nione."

"Mimi ng'ombe wa mnadani?"

"Ng'ombe ningekwisha kumjua meno. Fungua."

Alichokiona, gego jeusi na fizi iliyotutumka, kilimfanya avae baibui wakaongozana hospitali.

Daktari alipitisha kamera puani, akakuta koo limevimba upande mmoja. Alikata kinyama kidogo kikapimwe, kwani alihofia saratani. Kisha akaligonga gego la upande uleule. Baragumu akaruka kitini. Mke akauliza, jino liko huku na koo liko kule, wamejuana wapi? Daktari alilipenda swali hilo. Akaeleza kwamba gego lililooza huweza kumwaga usaha hadi kooni. Tena bakteria wa fizi mbovu wameonekana ndani ya baadhi ya saratani za koo, na wataalamu wanajiuliza kama wao huchangia kuileta, au huhamia tu ikishakuwapo.

"Jibu halijapatikana, mama. Tumbaku na pombe tunazijua. Hawa tunawashuku tu."

"Hata mshukiwa simlazi kitandani mwangu," mke akasema. "Ling'olewe."

Gego likang'olewa, fizi zikasafishwa, dawa zikatolewa. Ikabaki kungoja majibu ya kile kinyama. Baragumu akawa akihesabu siku kwa vidole, mkewe akikesha juu ya mswala. Seremala aliposikia habari aliuweka msumeno chini, akaja kumjulia hali.

Majibu yalipokuja hayakuonyesha saratani. Uvimbe ulikuwa wa usaha, nao ulikuwa umeanza kunywea. Mke alimshukuru Mola, kisha akamkabidhi mumewe mswaki mpya na kuitupa karafuu jaani.

Sauti iliporudi, Baragumu hakwenda sokoni kwanza. Alisimama mlangoni kwa seremala, vumbi likimtua mabegani, akaomba radhi.

"Nilitaka kukuhamisha wewe, jirani, na mpangaji mbaya nilikuwa naye mdomoni."

Seremala akacheka, akamfutia kiti akae.

Ndipo Baragumu akaamini kwamba kikulacho ki nguoni mwako.