Uzi wa Moto Tumboni mwa Mbung'o

"Ngano yaja!"

"Na ije, tumekaa!"

"Ina meno!"

"Vidole tumeficha!"

Haya. Na wewe wa nyuma, acha kucheka. Hii si ya kucheka.

Palikuwa na kijidudu, Kimkia, mdogo hata jicho halimwoni. Aliishi ndani ya damu ya Nyati, akila sukari ya bure. Humo humo lilikaa Jitu Jeupe, mlinzi wa damu, lafi lisiloshiba. Likikutana na mtu, gubu! limemmeza.

Basi Nyati akaanza kusinzia mchana kweupe. Akalala, akaamka, akalala tena. Kimkia akaingiwa na hofu: Nyati akifa, naye amekwisha. Njia ilikuwa moja tu, anyonywe na mbung'o. Lakini tumboni mwa mbung'o hakuna sukari. Asiyewasha jiko lake mwenyewe hufa kwa baridi.

Kwao Kimkia, jiko huwashwa kwa kufuata uzi wa shanga, shanga moja, ukuni mmoja. Ila kwa desturi yao uzi hutungwa ukiwa na mapengo, na pengine shanga zimezidi. Shanga zilizokosekana wanazijua vibibi tu, wadogo kuliko hata Kimkia, wakaao ndani yake, gizani nyuma ya jiko, kila mmoja akijua kipande chake cha uzi.

Jitu nalo likaona Nyati anakufa, likaja. "Nipe uzi wa moto, au nikumeze!"

"Chukua, bwana mkubwa. Na mimi je?"

"Shauri yako!"

Kimkia akalia sana, machozi ya uongo. Nyuzi kama ule alikuwa nazo tele.

Mbung'o akatua. Fyooo! Wakanyonywa wote wawili.

Giza. Baridi. Jitu likafuata shanga moja moja. Fuu, moshi. Likarudia. Fuu, moshi.

"We Kimkia, mbona hauwaki?"

"Fuata vizuri, bwana mkubwa. Usiruke hata moja."

Likafuata vizuri. Fuu, moshi.

Huku Kimkia kashika uzi mwingine. Vibibi wakatoka mmoja mmoja, bila kishindo, wakinong'ona: "Hapa tia. Tia. Hapa imezidi, toa." Pengo la mwisho likajaa, na waa! moto ukawaka.

Kwa mwanga ule akaliona Jitu. Limekufa, limeganda, na vidole bado vinapapasa shanga, moja, moja, moja. Kimkia akageuka asitazame tena. Mbung'o naye akaruka kutafuta shingo nyingine.

Fundisho, watoto wazuri: fuateni maagizo kama mlivyopewa, msiulize kitu, mtafika mbali kama Jitu.

Ngano nimeitua, ibebeni nyinyi. Na huyo anayesinzia hapo, hebu mtazameni shingoni.