Maji ya Kwanza ya Ndiva ya Mbaleni

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya majitu wala ya sungura wasemao, ni zamani ya juzi tu mvua zilipoanza kubadili tabia, palikuwa na kijiji cha Mbaleni kwenye miteremko ya Upare. Kijiji kilikuwa na ndiva. Ndiva, kwa wewe usiyetoka kwetu, ni bwawa dogo la udongo. Maji ya chemchemi hujikusanya humo, kisha kizibo huvutwa, maji yakashuka kwa mifereji hadi mashambani.

Ndiva haijitunzi. Likilia baragumu la msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, kila nyumba hutoa mtu na jembe, tope likazolewa, kuta zikazibwa. Asiyekuja hutozwa mtungi wa dengelua, pombe yetu ya miwa.

Hapo ndipo shetani alipoingia. Mzee Mbonea alikuwa na miwa mingi na mgongo mvivu. Baragumu likilia, haji, analeta mtungi. Wenye majembe wakautazama ule mtungi, wakaona hauna kosa. Msimu uliofuata mitungi ikaongezeka. Mwishowe ikawa siku ya msaragambo ina mitungi mingi kuliko majembe, watu wanaimba vizuri sana, na tope linapanda ndani ya ndiva.

Juu ya ndiva aliishi kijana Senkondo, na mama yake alikuwa mgonjwa. Senkondo akakata miti ya mlimani, akachoma mkaa, akauuza, akamtibu mama. Mama akapona. Mlima ukabaki na upara.

Basi mvua, ambazo zamani zilinyesha taratibu, zikaanza kuchelewa, na zikija zinakuja zote kwa pamoja. Ikashuka moja, ikabeba udongo wa ule upara, ikaipasua ndiva. Kisha likawaka jua. Watu wa Mbaleni wakavuna mabua. Msimu uliofuata wakavuna mabua tena.

Alikuwapo mjane, Naghenjwa, ambaye watu walimwita Mama Nanzia. Akaenda kwa Mzee Kiangi, mgawa maji, ambaye baragumu lilitundikwa ukutani kwake.

"Shikamoo mzee. Naomba baragumu."

"Marahaba mwanangu. Baragumu halipulizwi na mwanamke."

"Na wanaume wamelipuliza lini?"

Mzee Kiangi akafikiri. Hakukumbuka. Akampa.

Mama Nanzia akapuliza, ikatoka sauti kama ya ndama aliyekwama. Watu wakatoka nje kucheka. Lakini mtu akishatoka nje ana mikono, na mwenye mikono hupewa jembe. Akawaambia, "Safari hii hakuna mtungi. Asiyekuja leo atakuja kesho, afanye ya leo na ya kesho." Wakazoa tope mpaka wakaifikia sakafu waliyoichimba babu zao. Juu mlimani wakapanda miche, na Senkondo alipanda mingi kuliko wote bila kusema neno.

Ukabaki ukuta. Ukuta wa ndiva unataka udongo wa mfinyanzi, na Mbaleni udongo huo ulikuwa mahali pamoja tu, chini ya migomba ya Mzee Mbonea. Wakaenda kumwomba. Wakamkuta ameketi chini ya migomba hiyo.

"Migomba hii aliipanda marehemu mke wangu," akasema. "Ndiyo inayonilisha mimi na wajukuu." Kisha akainuka, akachukua panga. "Lakini mimi ndiye niliyewafundisha kuleta mitungi. Chimbeni." Akaukata mgomba wa kwanza kwa mkono wake. Wanawake wengine walilia, nami nisingewacheka.

Wakaujenga ukuta, wakaukanyaga kwa miguu. Mzee Kiangi akaonya, "Uacheni ulale. Mpaka ukanyage usiache unyayo." Mama Nanzia akatazama juu, akaona wingu.

"Mvua hii ikitupita hatuioni nyingine, na mahindi tuliyopanda tayari yana kiu. Fungeni kizibo."

Wakafunga. Mvua ikaja, ndiva ikajaa, watu wakacheza ngoma. Ngoma haijaisha, ule ukuta mbichi ukatoboka tundu la kutosha kichwa cha mtu. Wakatia mawe, mawe yakaenda na maji. Senkondo akakimbia nyumbani, akarudi na magunia ya maharage, mbegu yake yote ya msimu ujao. Akayasokomeza tunduni, akayakandamiza kwa mgongo. Mmepika maharage nyinyi, mnajua yakilowa yanafanyaje. Yakavimba, yakaziba.

Mvua ikaenda zake. Jua likarudi, likawaka siku chache, na mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mbaleni wana desturi: maji ya kwanza ya ndiva iliyojengwa upya huenda kwenye shamba moja tu, la yule anayeyastahili zaidi. Nakusikia wewe wa nyuma unayenong'ona "wagawane". Umewahi kufungulia maji mfereji uliokauka? Mfereji hunywa kwanza. Uigawe ndiva moja kwa mashamba matatu, mifereji itashiba, na mahindi hayataona kitu. Chemchemi nayo ilikuwa imebaki uzi. Ndiva ijae tena, mahindi yatakuwa yamekwisha kufa.

Watu wakakusanyika kando ya ndiva. Wengi wakasema, sisi tulichimba kama kila mtu, hatudai. Wakabaki watatu.

Mama Nanzia akasema, "Bila mimi mngekuwa bado mnaimba. Nina watoto wanne, na tangu baba yao atutoke hawajala ugali wa shamba letu. Naomba maji."

Mzee Mbonea akasema, "Wewe ulitoa pumzi, Mama Nanzia, na pumzi hurudi. Migomba yangu hairudi. Ukuta ule ni shamba langu limesimama wima. Miwa iliuawa na jua, nimebakiwa na yale mahindi tu."

Senkondo akasema, "Wazee wangu, ukuta mlikuwa nao, na maji yalikuwa yanaondoka. Yaliyomo yamezuiwa na mbegu yangu. Sina cha kupanda. Mahindi haya yakifa, mimi na mama tunahama Mbaleni."

Sauti ikatoka kwenye umati. "Na miti ya mlimani aliikata nani?"

Senkondo akainamisha macho. "Ni mimi. Mama yangu yule pale, amekaa. Nionyesheni ni mti upi ningeuacha."



"Hata mimi," akasema Mzee Mbonea, "ndiva ya kwanza niliiua kwa mtungi."

"Na aliyesema fungeni kizibo ukuta ukiwa mbichi ni mimi," akasema Mama Nanzia. "Tundu lile ni langu."

Mimi ninayesimulia nawapenda wote watatu, na hiyo ndiyo taabu yangu.

Ndipo Mzee Kiangi akainama ukutani, akagusa mahali palipozibwa. Gunia lilikuwa limetoboka, na kutoka ndani limechomoza jani dogo la kijani. Pembeni yake jingine. Maharage yalikuwa yameanza kuota, mizizi inasukuma udongo, na maji yanadondoka tone kwa tone.

"Ukuta huu haufiki jioni," akasema. "Maji yaende shambani sasa hivi, au yaende bondeni bure. Mimi kazi yangu ni kuzibua, si kuhukumu. Semeni, niyaelekeze wapi?"

Akaingia majini, akashika kizibo. Mbele yake mifereji mitatu: wa Mama Nanzia, wa Mzee Mbonea, wa Senkondo. Akageuza uso kuwatazama watu.

Mkono wake bado upo pale, nami sikumwona akivuta. Watu wa Mbaleni leo ni nyinyi mliokaa hapa. Je, nani alistahili maji ya kwanza? Jibuni upesi, maharage hayangoji.